Safu ya Nne

Daftari la mahudhurio lina safu tano.
Jina. Kuingia. Kutoka. Ya mwisho sahihi.
Ya nne imeandikwa MAPUMZIKO,
na hiyo naijaza mimi, mwaka wa tatu sasa,
kila jioni, kalamu ileile:
saa sita hadi saa saba,
saa sita hadi saa saba,
kushuka mpaka chini ya ukurasa
kama fundi anayepinda kanga.

Hakuna aliyepumzika.

Tunakamua alizeti, hapa Kizota.
Msimu ukikolea malori yanapanga foleni tangu alfajiri,
na mashine, anasema bosi, si ng'ombe, haicheui.
Basi na watu wasicheue.
Makasi anakula amesimama,
kwa mkono wa kushoto, Mungu amsamehe,
maana wa kulia umeshika koleo.
Mlenda wake umeingia vumbi la maganda.
Anasema ni kiungo.

Sheria naijua. Imebandikwa ukutani
nyuma ya kalenda ya benki.
Mwaka ukiisha, kalenda kuukuu ikishuka,
inachungulia kidogo, muda wa kupigilia msumari:
azidishaye saa tano mfululizo
apewe dakika sitini.
Kisha Januari inaifunika.

Dereva mmoja, wa safari ndefu,
akingoja kupakia mashudu,
alitutajia nchi alizopita, kidole kwa kidole:
huku wanakupa nusu saa, kule saa nzima,
kwingine mpatane wenyewe.
"Kila mpaka na dakika zake," akasema,
"tumbo tu ndilo halijui kama limevuka."
Tukacheka. Honi ikalia, tukaacha kucheka.

Nyemo alirudi kazini mtoto ana miezi minne.
Yeye haangalii saa ya ukutani.
Ikikaribia saa sita kitenge chake kinalowa kifuani,
mahali pawili,
naye anavaa koti la kazi juu yake, joto lote hili.
Mtoto yuko Chang'ombe, kwa bibi yake,
dakika ishirini kwa mguu.
Nilipiga hesabu pembeni mwa daftari, kwa penseli:
kwenda, kunyonyesha, kurudi.
Saa moja ingetosha.
Nikaifuta.
Jioni nikaandika, Nyemo Chidawali,
saa sita hadi saa saba.
Wino haukusita.

Mwezi uliopita alikuja afisa kazi.
Akapewa kiti, chai, maandazi mawili.
Akafungua daftari, akapitisha kidole safu ya nne,
akaniangalia kwa furaha:
"Dada, una mwandiko mzuri."
Alikaa pale dakika arobaini.
Nilizihesabu.

Sikulala vizuri usiku ule. Sisemi nililia.
Nilikuwa nikiona kidole chake tu
kikiteleza juu ya njaa za watu
bila kukwaruzika.

Kesho yake safu ya nne niliiacha tupu.
Bosi akauliza, umesahau?
Nikamwambia, sijui walipumzika saa ngapi, waulize.
Hakuwauliza. Alichukua kalamu akajaza mwenyewe,
herufi zimelala huku na huku kama mahindi baada ya upepo,
na mtoto wa darasa la pili angeona
kwamba huyu si mimi.
Bado nina kazi. Mpaka leo.

Leo umeme umekatika.
Mashine imekoroma, ikanyamaza,
na kwa mara ya kwanza nimesikia njiwa wa kwenye bati.
Makasi ameketi juu ya gunia.
Anaitazama mikono yake, yote miwili,
hajui aanze na upi.
Koti la Nyemo linaning'inia mlangoni.

Umeme umerudi. Nimevuta daftari kabla ya bosi,
nimeandika sasa hivi, si jioni:
saa sita na dakika nne
hadi saa sita na dakika ishirini na moja.
Makasi: amekula ameketi.
Nyemo: hajarudi.